Jina Langu Juu ya Sabuni Isiyo Yangu

Sifa zote kwa Bwana, ndugu zangu, maana leo nasimama mbele yenu na mikono safi! Mimi ni Kavira, mpika sabuni ya Aksanti pale mtaa wa Mapendo.

Muhuri wa sabuni hiyo alinichongea marehemu mume wangu. Alisahau kugeuza herufi N, ikatoka kinyume kwenye kila kipande. Nilimcheka sana, lakini tukaiandikisha alama hiyo hivyo hivyo serikalini. Volkano iliposhuka ikameza nyumba yetu, nilikimbia na muhuri ndani ya kitenge. Nikaanza upya.

Kisha, wakati wa waasi, mfanyabiashara mmoja akatoa Aksanti yake. Soda kali ya kupikia sabuni tele, mafuta kidogo. Mama mmoja akaniletea mtoto, ngozi imebabuka. "Mama Kavira, ulimupakaa mutoto wangu nini?" Ndugu zangu, nililia! Sabuni haikuwa yangu, lakini jina lilikuwa langu. Nani angeniamini?

Mahakama zilikuwa zimefungwa. Nikaenda kwa binamu yangu askari, nikamtajia yule papa mfanyabiashara. Akauliza kama anayeuliza bei ya ndizi, "Tumufanye nini? Sema tu." Nikafungua mdomo. Neno likakataa kutoka! Bwana aliushika ulimi wangu, nikarudi nyumbani.

Nilingoja mpaka mahakama ikafunguliwa. Avoka wangu, yaani wakili, akaweka mezani vipande viwili vya sabuni, changu na cha yule mfanyabiashara. Hakimu akamuuliza yule papa, "Hii N yako, ni nani aliyeigeuza?" Alikuwa ameiga hata kosa la mume wangu! Hukumu ikatoka: aache kuuza, sabuni zake ziteketezwe, muhuri wake uchukuliwe, anilipe fidia ya hasara na ya jina langu alilolichafua, na hukumu isomwe sokoni Kituku, watu wote wasikie. Ikasomwa. Yule mama alikuwepo na mtoto wake, amepona. Nilimshukuru Mungu kwa sauti hata wauza samaki wa sambaza wakanicheka.

Wewe uliyeibiwa, mtumaini Bwana! Haki ikichelewa, ingoje. Usiende kuitafuta kwenye bunduki. Yule papa mwenyewe ameniruhusu niseme haya. Ndiye yule pale, benchi la nyuma, amempakata mjukuu. Ningetamka neno moja tu siku ile, leo pale angekaa mjane wake.