Hodi Isiyoitikiwa

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, saa kumi alasiri, karakana yetu ya amplifaya itamuaga fundi wake mkuu baada ya miaka thelathini na minane ya utumishi. Jina lake kamili limo katika faili la ajira, na nadhani limebaki humo salama, kwa kuwa tangu mwaka wake wa pili kazini hakuna aliyemwita ila Mzee Hodi. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka ishirini na minne. Uzee alitangulia kupewa. Mvi zilimfuata baadaye, kisha zikaondoka.

Kwa ndugu na jamaa ambao hawajawahi kuingia karakanani, jina hili linahitaji maelezo. Amplifaya zetu huundwa kwa mkono, moja baada ya nyingine, na hukuza sauti kwa taa za kioo kama zile zilizokuwa ndani ya redio za babu zetu. Taa ikiwa na kitu kilicholegea ndani, ukiigusa hulia, na kilio chake hutokea kwenye spika: ngiii. Hivyo kila taa iliyowashwa Mzee Hodi huigonga taratibu kwa penseli, mara mbili, akisema "Hodi," kwa adabu ya mtu aliyefika ukweni. Kisha husubiri. Taa mbovu huitikia. Taa nzima hukaa kimya, naye huandika kwenye kadi neno moja: "Haiitikii."

Neno hilo lilimponza mwandishi wa wasifu huu. Nilifika hapa miaka kumi na miwili iliyopita nikiwa na shahada, nikapewa kazi ya kufunga mizigo na kuituma kwa wateja. Mwezi wangu wa kwanza Mzee Hodi alikuwa likizo, akimwoza binti yake. Nilikuta amplifaya tisa, kila moja na kadi yake: saba zimeandikwa "Haiitikii," mbili "Inaitikia." Nilitafakari kwa makini, kama nilivyofundishwa. Kisha nikazipeleka zile mbili kwa wateja, nikazifunga zile saba utepe mwekundu, na nikaandika waraka wa kurasa mbili kuhusu kushuka kwa ubora wa kazi karakanani.

Wiki iliyofuata alitutembelea mteja mmoja, mwalimu mstaafu, ameikumbatia amplifaya yake kifuani kama mtoto aliyepitiwa na usingizi. Mzee Hodi, aliyekuwa amerejea asubuhi hiyo, alimpa kiti.

"Fundi, hii mashine yenu inapokea wageni," mwalimu akalalamika. "Mke wangu akifunga mlango, inaitika. Nikipiga chafya, inaitika. Juzi mama mkwe kaingia, sijafungua mdomo, mashine imeshamkaribisha!"

"Akakaa?"

"Yupo mpaka leo!"

Mzee Hodi alitazama kadi, akatazama tepe nyekundu, kisha akanitazama mimi. Nilianza kukusanya kalamu zangu. Yeye akasema tu, "Mwanangu, umesoma vizuri. Ni mimi nimeandika vibaya," akabadilisha taa huku mwalimu akimalizia chai yake. Hata hivyo neno lenyewe alikataa katakata kulibadilisha. Alichokubali ni kuongeza mstari chini ya kadi, nao unachapwa hadi leo: "Na hiyo ni sifa."

Kumbukumbu zetu zinaonyesha kwamba ameunda amplifaya elfu moja mia mbili na kumi na nne. Yeye hudai ni kumi na tano. Ile moja iko kwa dada yake, na anasema haimhusu mtu. Amefundisha mafundi kumi na mmoja, wote wazima, kwa kanuni moja tu: ukipima umeme mkali, mkono wa kushoto ukae mfukoni, ili umeme usipate njia ya kukatiza kifuani. Mkewe, ambaye ni mshonaji, ameshona upya mifuko ya kushoto ya suruali zake mpaka ameacha kuhesabu. Katika picha za harusi ya binti yao, baba wa bibi harusi amesimama katikati ya familia, mkono mfukoni, kana kwamba keki ina volti mia nne.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sina hakika kama lilistahili kuandikwa. Yeye mwenyewe ameniambia liandikwe. Mapema mwaka huu aligonga taa moja, nayo ikalia. Kililia kisauti chembamba, cha juu, na sote watano tulikisikia. Mzee Hodi akasubiri, akatabasamu, akaandika: "Haiitikii." Mama Koili, msukaji wetu wa transfoma, ambaye huhesabu mizunguko ya waya kwa sauti na hajawahi kukatishwa hata siku paa lilipovuja, alinyamaza kwenye mzunguko wa mia nane na kumi na mbili.

Wakati wa chakula cha mchana tuliibadilisha ile taa kwa siri, na tuliendelea hivyo wiki tatu. Tuliuita ustaarabu. Huenda ulikuwa woga, bado sijaamua. Amplifaya hazikuwa hatarini, kwa kuwa taa hubadilishwa. Aliyekuwa hatarini ni mtu ambaye hakuwahi kutoa kazi asiyoiamini, na sasa kadi zake zilikuwa zinasema uongo bila yeye kujua, kwa msaada wa watu wanaompenda.

Mama Koili ndiye aliyeshindwa kuvumilia. "Kaka, taa ya tatu inaitikia."

"Mbona sijasikia?"

"Najua, kaka."

Aligonga tena. Safari hii aliweka ncha ya kidole kwenye spika, akauhisi mtetemo. Kisha akacheka. "Kumbe hitilafu haimo ndani ya sanduku!"

Alikuwa na haki ya miaka miwili zaidi kazini. Badala yake aliniomba kadi tupu, akaandika jina lake mahali pa namba ya mashine, na chini yake: "Haitikii." Alipunguza herufi moja tu, kwa kuwa yeye ni mtu. Hiyo ndiyo barua yake ya kustaafu, nami nimeihifadhi kwenye faili. Nilimkumbusha kwamba kwa kanuni zetu, kadi hiyo inamaanisha amefaulu. Akanionyesha mstari wa chini: na hiyo ni sifa.

Penseli sasa ni ya Mama Koili. Hodi yake ni kali kidogo, taa zinamwogopa.

Mzee Hodi, ahsante kwa kazi, kwa subira, na kwa kutosoma ule waraka wangu mbele ya watu. Tunakuombea siku ndefu, tulivu, zenye mikono yote miwili nje ya mifuko. Tutakuja kukutembelea, na tutabisha kwa nguvu. Ukisikia, au mama wa nyumbani kwako akikugusa bega, tafadhali itikia. Hatutaandika popote kwamba ni hitilafu.