Mama Utando na Karatasi Yake ya Kuliwa

Ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake: tunayemsindikiza leo ni dada yetu mkubwa, aliyejulikana kiwandani kama Mama Utando. Mimi ni mdogo wake, na nimepewa dakika tano. Yeye zisingemtosha, maana akianza habari za maziwa alikuwa hashikiki.

Alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko, mtoto wa kwanza kati ya watatu wa fundi cherehani na muuza maziwa. Maziwa yakichemka, sisi wadogo tuliukunjia uso ule utando wa juu. Yeye aliubandua kwa kijiko, akauanika dirishani juu ya sahani mpaka ukakauka, kisha akautafuna. Mama alilalamika, "Mtoto huyu atatuaibisha mbele ya wageni."

Alianza shule mwaka 1968, akamaliza sekondari 1979, na mwaka 1983 akapata stashahada ya teknolojia ya vyakula. Hesabu zilimtoa jasho, lakini kemia aliipenda kupita kiasi.

Tarehe 2 Januari 1984 aliajiriwa katika maabara ya kiwanda cha maziwa, akatumikia miaka thelathini na miwili. Huko alitengeneza, kwa protini za maziwa, karatasi nyembamba ya kufungia chakula, inayoliwa pamoja na kilichomo. Aliichanganya na mafuta kidogo ya karafuu ili kuzuia bakteria na ukungu, na jibini lililofungwa humo likakaa wiki tatu bila doa. Lingekaa nne, ila mlinzi alilila. Alipoulizwa alijibu, "Mama, si wewe mwenyewe ulisema inaliwa yote?"

Aliolewa tarehe 8 Agosti 1987 na fundi wa majokofu wa kiwanda hicho hicho, wakajaliwa watoto wawili wa kiume. Shemeji anakiri kwamba wakati wa uchumba alikwenda mara sita kutengeneza friji ya maabara ambayo ilikuwa nzima.

Sasa niseme jambo ambalo halikuwekwa kwenye ratiba. Juni 2009 Dada alimletea binti yangu wa miaka minne vipande vya tufaha vilivyofungwa kwa karatasi yake. Binti yangu ana mzio wa maziwa. Dada alijua, ila alisahau, kwa sababu kwake yale hayakuwa maziwa tena, yalikuwa karatasi. Midomo ya mtoto ilivimba, pumzi zikaanza kukatika, tukalazwa siku mbili. Pale pale hospitali nilimwambia, "Kwangu usikanyage tena." Nilishikilia neno hilo miezi saba.

Yeye alikwenda kwa meneja kudai kwamba karatasi ile isitoke bila maandishi makubwa: INA MAZIWA. Meneja akasema, "Nani atanunua tufaha lenye maziwa?" Dada akajibu, "Basi isiuzwe." Akavuliwa ukuu wa maabara, akarudishwa kuosha chupa kwa miaka mitatu. Karatasi ilipoingia sokoni mwaka 2013, maandishi yalikuwepo. Hakunieleza hata siku moja. Niliambiwa na shemeji, ndipo miezi yangu saba ikaisha.

Februari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Alivumilia matibabu akiwatania wauguzi, hadi Alhamisi, tarehe 12 Oktoba, saa nne asubuhi, alipofariki. Wiki moja kabla aliniuliza, "Wewe, lile la mtoto bado limo moyoni?" Nikaona haya. Nikamwambia, "Kunywa dawa, Dada, acha maneno." Akanywa.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, na sisi wadogo zake wawili. Ameacha pia binti yangu, ambaye sasa ana miaka kumi na minane. Ndiye aliyeshika picha ya shangazi yake hapo mbele.

Dada, halimo. Lilitoka siku ile shemeji aliponieleza, na nilipaswa kukwambia ulipokuwa ukinisikia. Nisamehe wewe sasa. Lala kwa amani.