Kamba ya Esta Ilirudi Kwenye Msumari

Bwana Yesu asifiwe, kanisa! Asifiwe na nyinyi mlioshiba Noeli mpaka nguo mpya zinawabana! Msicheke, mimi fundi ninawaona kutoka hapa mbele. Kuna mama mmoja, simtaji jina, alikuja kwangu akisema nimbanie kiuno. Nikamwambia mama, Noeli ina nyama. Hakusikia. Leo anaimba kwa shida.

Wageni, mimi naitwa Mama Neema. Nashona nguo hapa hapa Nakivale, kibanda changu kiko karibu na bomba la maji. Mnaonijua mnaujua na mdomo wangu. Mdomo huu ndio ulionipoteza, na leo nimesimama kusema jinsi Mungu alivyonitoa.

Kwetu Kivu, mama yangu alikuwa fundi, na hakujua kusoma. Vipimo vyake aliviweka kwenye kamba. Kila mtu wa nyumbani alikuwa na kamba yake: fundo la kwanza bega, la pili kifua, la tatu kiuno, la mwisho urefu. Tulipokimbia aliacha masufuria yote, lakini kamba zile alizifungia ndani ya kitenge alichovaa. Na kila Noeli, hata huku ukimbizini, alitukatia wote kitambaa kimoja. Ukitukuta njiani tunakuja kuomba, ulijua hao wametoka nyumba moja.

Mama alifariki miaka mitatu iliyopita. Nilikuwa nimemuuguza peke yangu, nimechoka hadi mifupa. Mdogo wangu Esta, ndugu pekee niliyebaki naye, alikuwa ameolewa Biharwe, kule Mbarara. Siku ya maziko mvua ilikata barabara. Alifika tumeshazika, viatu viko mkononi, tope mpaka magotini. Na mimi, mbele ya watu wote, nikamwambia, "Umekuja kula matanga?"

Ndugu zangu! Mtu ametembea kwenye tope kuja kumlilia mama yake! Esta aligeuka, akarudi alikotoka siku ileile. Nami nikaitoa kamba yake kwenye msumari ninapotundika kamba zote za nyumbani, nikaifungia ndani ya kopo la vifungo. Nisimsingizie shetani. Nilikuwa mimi.

Noeli mbili zikapita. Nilipika, nilishona, niliimba sauti ya kwanza pale kwenye kwaya, na nyumba ilijaa watu. Lakini kila nikiinua sufuria macho yanakwenda mlangoni. Tukiomba, tukifika pale pa kusamehe wengine, nilikuwa nakohoa. Majirani walidhani ni moshi wa jikoni. Na jambo la kuchekesha, nilijiona mimi ndiye wa kusamehe! Nikangoja Esta aje apige magoti. Nilikuwa nangoja bure.

Basi Desemba hii ikafika na kazi zake. Mnanijua, nikiingia Desemba sikai. Baba Neema alikwenda Kaberebere kuleta ndizi. Mimi nilishuka Mbarara kuchukua kitambaa, cha bluu chenye majani ya njano, kile mlichokiona. Binti zangu watatu walipiga nyumba udongo mweupe ndani na nje, huku wanakariri mistari yao ya Noeli kwa sauti hadi mbuzi akakimbia. Jirani yangu Mrundi, Mkatoliki, alikuja kukaanga mandazi na mimi, tukagombania chumvi, tukacheka. Na wamama wa kwaya wako mlangoni, kila mmoja anataka nguo yake iwe ya kwanza. Ee Bwana, raha ile!

Katikati ya kelele hizo nikakata nguo za nyumbani. Mimi sihesabu. Natoa kamba moja kwenye msumari, nakata, naweka chini, natoa nyingine. Ya Baba Neema huwa ya mwisho, kwa sababu yeye halalamiki. Nikaifikia kamba yake, nikanyoosha mkono kwenye kitambaa. Kitambaa hakuna! Kimebaki kipande cha kufutia meza.

Nikapiga kelele. Nani kaiba kitambaa changu? Nikahesabu nguo zilizokatwa: za mabinti tatu, za mtu mzima mbili. Mbili! Neema, mkubwa wangu, akasogea polepole. "Mama, wakati wa kupiga udongo nilitoa vitu vyote ukutani. Nilikuta kamba moja ndani ya kopo. Nikaona ni ya hapa nyumbani, nikaitundika pamoja na zingine."

Nikaketi chini. Esta na mimi tulikuwa mwili mmoja, vipimo sawasawa, mkono wangu haukutofautisha. Mkono huu ambao haukutaka hata kumpigia simu, umemkatia nguo ya Noeli!

Hasira ikanipanda. Nikachukua mkasi, nikasema nguo ile nitaikatakata nitoe shati ya Baba Neema. Nikaifungua mezani. Mkasi nimeushika, na mkono hausogei. Nililia, ndugu zangu, nililia mpaka wamama wa kwaya wakatoka nje mmoja mmoja. Baba Neema akaingia, akaona, akasema, "Mimi nitavaa shati yangu ya mwaka jana. Ile peleka kwa mwenyewe." Akarudi kwa ndizi zake. Mwanaume huyu Mungu amzidishie.

Nikaishona siku hiyohiyo. Asubuhi ya tarehe ishirini na nne nikaenda Biharwe, nguo iko ndani ya mfuko, njia nzima napanga maneno. Nilianza na kujitetea, jinsi nilivyouguza peke yangu. Kufika Mbarara nilikuwa nimeyatupa yale yote, nikabaki na neno moja tu.

Esta akafungua mlango akiwa na mtoto mgongoni. Mtoto! Mimi sikujua hata kama alishika mimba. Akaniangalia, akaniita dada mkubwa kama kule kwetu, "Yaya, umefika." Nikapiga magoti palepale mlangoni, mimi niliyengoja kupigiwa. Nikasema, "Nisamehe." Akaniinua, akalia, akaniambia, "Lile neno lilinilemea kuliko mimba." Kisha akamgeuza mtoto nimwone, akaniambia jina lake. Ni jina la mama yetu.

Haya, akajaribu nguo. Haikupita kifuani! Ni nguo ya Esta wa miaka mitatu nyuma, na huyu amezaa, ananyonyesha. Hapo ndipo nilipoona hasara yangu. Mdogo wangu amebadilika mwili mzima na mimi fundi sina habari. Tulicheka na machozi yanatoka. Akaleta kitenge chake cha Noeli ya mwisho na mama, tukakata vipande viwili, nikapanua mbavuni kwa mkono, na sindano ya kuazima kwa jirani yake. Jioni tukaja wote Nakivale.

Esta, simama na mtoto wakuone. Mnaona huku ubavuni rangi imebadilika? Wengine mlinong'ona siku ya Noeli kwamba fundi ameishiwa kitambaa. Kweli niliishiwa! Na Baba Neema yule pale na shati yake ya zamani, mwaka kesho nitaanza na yake.

Namshukuru Mungu aliyeniokoa na mdomo wangu na shingo yangu ngumu. Na wewe unayesikia, kama kuna mtu umemfungia ndani ya kopo, usingoje mkono wako ukosee kama wangu. Mwambie Yesu leo, uondoke uende, hata kama ni mbali, hata kama wewe ndiye mkubwa. Yeye atatangulia kufungua mlango.

Pale kwangu kamba sasa ziko saba. Ya Esta nimefungua mafundo ya zamani yote, nikamfungia mapya. Ya mtoto ni fupi kuliko mkono wangu, na Noeli ijayo itakuwa haimtoshi, itabidi aje nimpime tena. Amina.