Lewiathani Amemeza Mkwe

Asubuhi hiyo Makambako ukungu ulishuka hadi kwenye vikombe. Benchi letu la mabanzi, jirani na mashine ya mbao, lilikuwa na wanywaji watatu wa kahawa ya Telesia, mbali na mimi: Profesa, aliyesoma Biblia kuliko alivyosoma shule, Hakimu, mpakiaji wa mbao anayehukumu kila kesi, na Aron, fundi magodoro, ambaye hakuwa na raha. Jumamosi televisheni ilionyesha filamu iliyopigwa hapahapa mjini, ya Lewiathani, lile joka la kitabu cha Ayubu. Joka lilishonwa kwa sponji, na ndani alikuwa Aron. Likammeza bibi mmoja anayesali, na filamu ikaishia hapo. Majina yalipopita mwishoni ndipo ukoo mzima ukasoma: bibi yule ni Dorosela, mama mkwe wa Aron, aliyekuja kusalimia wajukuu akaombwa sokoni na mwongozaji aigize. Kwa mila zao mama mkwe hatazamwi usoni, hata mkono hapewi. Kesho yake Rebeka, mke wa Aron, akarudi kwao Ludewa.

— Kweli hukumwona? aliuliza Hakimu.

— Kaka, nilikuwa na tundu moja la kuonea, nalo lilikuwa puani. Nikaona kitenge, nikameza.

— Si ungebisha hodi?

— Joka libishe hodi?

Profesa akaweka kikombe chini.

— Hapa hakuna kesi. Aliyemshika mama si Aron, ni sponji. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Apone nini, na mgeni kaliwa! alisema Telesia.

— Basi hukumu yangu, akasema Hakimu. Joka ndilo lipeleke mbuzi wa kuomba radhi. Aron avae vilevile, apande basi la Ludewa.

— Kondakta atanikubali?

— Utakaa kwenye buti na maparachichi.

— Hamjaelewa, alisema Profesa. Aliyemezwa yumo mwilini. Sasa mama yumo ndani ya Aron. Kwa hiyo Aron amekuwa mkwe wake mwenyewe, haruhusiwi kujitazama kwenye kioo.

— Ndiyo maana hajanyoa, alisema Telesia.

Tulicheka. Aron hakucheka.

— Mimi namtaka mke wangu, alisema.

Basi la Ludewa likashusha abiria. Akaja Conjesta, mdogo wake Rebeka, na kikapu mkononi.

— Kamwene, alitusalimu. Shemeji, mama kanituma.

— Amekasirika sana?

— Amechoka kupewa pole. Kijiji kizima hakikumwona akitoka tumboni. Kwaya imekuja kuimba mara mbili, na yeye ndiye anawapikia chai. Anasema dada atarudi siku utakapomjibu swali moja.

— Lipi?

— Yona alitapikwa siku ya tatu. Yeye atatapikwa lini?

Hakimu akaanza kutafuta kijiti cha meno. Wote tukamgeukia Profesa.

— Biblia, alisema taratibu, haikuishiwa betri ya kamera.

Aron alikuwa ameshavuka barabara, akiuliza duka kwa duka nani ana namba ya yule mwongozaji wa filamu.