Taratibu, Aliyewafuata Watoto Kabla Jino Halijauma

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja, tunaomba mlio juani msogee chini ya turubai, na mlio karibu na spika mtuvumilie, kwa maana historia hii ni ya mtu aliyezungumza kwa sauti ya chini maisha yake yote na leo inabidi isomwe kwa kipaza sauti. Familia imekaa juzi na jana kuiandika, hatukulia sana, tuliulizana tarehe, chai ikapoa mezani, tukaendelea kuandika.

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1964, mtoto wa pili kati ya watoto watano wa fundi wa injini za treni na mkewe mshona nguo, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mstari wa nyuma, mlango wa mwisho karibu na bomba. Alichelewa kusema hata majirani wakaanza kumuuliza mama maswali ya pembeni, na alipofungua kinywa neno lake la kwanza halikuwa mama wala baba, alisema "bado", akikataa kunyang'anywa sahani, na baba akacheka akasema huyu hatakimbizwa na mtu.

Alianza shule ya msingi Januari 1971 na kumaliza 1977, kisha akajiunga na sekondari ya wasichana ya bweni hadi Novemba 1981, hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Akiwa bweni aliumwa jino la nyuma, akapelekwa zahanati, akang'olewa na mtu aliyemkandamiza bega kwa goti na asimwambie neno lolote tangu mwanzo hadi mwisho. Alipolisimulia tukio hilo ukubwani hakulalamikia maumivu, alisema maumivu ni maumivu, kilichomkaa moyoni ni kule kutoambiwa kitu, kama vile jino lile halikuwa na mwenyewe.

Januari 1984 aliingia chuo cha afya kusomea utabibu wa meno, akahitimu Septemba 1987, na mwezi uliofuata akapangiwa hospitali ya mji wetu, chumba namba sita, chenye kiti kimoja kilichogoma kushuka, beseni la chuma na dirisha linalotazamana na foleni. Humo ndimo alimopewa jina ambalo wengi wenu mnalijua kuliko la cheti, kwa sababu kabla ya kila hatua alimwambia mgonjwa kinachokuja, taratibu, sasa utasikia kubanwa, taratibu, sasa utasikia mlio, na wagonjwa wakawa wanaulizana nje kama leo yupo yule Taratibu au yupo mwenzake.

Mumewe, fundi umeme wa hospitali hiyohiyo, aliitwa kutengeneza taa ya juu ya kile kiti, akaitengeneza, kisha akarudi kuikagua, akarudi tena kuikagua, mpaka dada akamuuliza kama taa ile ina ugonjwa wa kudumu. Shemeji yetu alijibu, "Taa imepona siku nyingi, anayeumwa ni fundi." Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 19 Desemba 1992, wakajaliwa watoto watatu, wa kiume aliyezaliwa 1994, na wa kike wawili, wa 1997 na wa 2001.

Lililobadilisha kazi yake lilianzia nyumbani kwake. Mama mkwe wake, ambaye naye ametangulia, aliishi nao na kumlea mjukuu wake wa kwanza kwa mapenzi yasiyo na kipimo, na kila alipomlaza alimwachia mdomoni chupa ya maziwa yenye sukari ili asisumbue. Dada alipoona meno ya mbele yameanza kuwa na mistari ya kahawia alisema kwa adabu, na mkwewe akamjibu, "Hayo ni ya utotoni, mama, yatang'oka yenyewe, unajipa presha ya nini?" Dada akaliacha hapo, kwa kuwa kubishana na mkwe hakukuwa tabia yake, na kwa kuwa alikuwa akitoka kazini amechoka. Machi 1998 mtoto huyo aliamka shavu limevimba, hawezi kula wala kufumba mdomo, na kwa kuwa mwenzake kazini alikuwa likizo, dada alimketisha mwanawe kwenye kile kiti akamng'oa meno manne ya mbele kwa mkono wake mwenyewe, huku akimwambia taratibu. Waswahili husema mganga hajigangi. Alirudi nyumbani akapika, akafua, na siku ya tatu akamwambia mumewe, "Miaka yote hii nakaa chumba namba sita nasubiri watoto waoze ndipo waletwe. Mimi si tabibu, ni fundi wa kubomoa." Bibi wa mtoto alisikia akiwa jikoni, na chupa ile haikuonekana tena katika nyumba ile, wala hakuna aliyeuliza imekwenda wapi.

Ilichukua miaka kadhaa hospitali kumruhusu kutoka kuwafuata watoto shuleni, na mwanzoni mwa 2003 alipewa siku moja kwa wiki, akaenda shule ya msingi iliyo nyuma ya hospitali. Mwalimu mkuu wa wakati huo alimpokea vizuri akamwambia, "Dada, hapa chaki zenyewe ni za kugawana, wewe unataka tusomeshe mswaki?" Hakumbishia, alimwomba tu watembee pamoja hadi darasa la kwanza, na huko wakamkuta msichana amelalia dawati, kitambaa kimefungwa kutoka kidevuni hadi utosini, mwalimu wa darasa akieleza kwamba huyo yuko hivyo tangu Jumatatu na jana walikuwa wawili. Mwalimu mkuu alimtazama yule mtoto, akasema haya, anza na darasa hili moja.

Wakaanza. Kila siku baada ya mapumziko ya chai watoto walijipanga kando ya mfereji, kila mmoja na mswaki wake, dawa kiasi cha punje ya njegere, wakipiga mswaki huku mwalimu wa darasa akiwaimbia wimbo wa kuhesabu, na mwalimu mkuu alipolalamika kwamba bomba halina maji dada alimwambia ni afadhali, wateme tu wasisukutue, kwa maana ukisukutua unaifukuza dawa kabla haijafanya kazi. Kulikuwa na mama muuza pipi getini, na walimu walitaka aondolewe, lakini dada alikataa, akamwendea mwenyewe akaketi kwenye ndoo yake, akamweleza kwamba kinachoharibu zaidi ni kule mtoto kulamba kidogo kidogo tangu asubuhi hadi jioni, jino halipati nafasi ya kupumua, na akamwomba wakati wa mapumziko auze karanga na matunda. Yule mama alimwambia, "Wewe una mshahara, mimi nina geti." Walizungumza wiki nyingi, karanga zikajaribiwa, zikauzika, na mama huyo yuko hapa leo, ndiye aliyesimamia maji ya kunywa tangu jana.

Mwaka 2005 ndio uliokuwa mgumu. Hospitali ilipata dawa ya kupaka juu ya meno, nzito kama asali, inayolinda jino miezi kadhaa lakini inaliacha na rangi ya manjano kwa siku moja, na karatasi ya kuwaeleza wazazi haikuchapwa kwa wakati. Watoto walirudi nyumbani na meno ya manjano, na asubuhi yake wazazi walijaa uwanjani wakisema watoto wamewekewa sumu, mmoja akamshika dada kola ya koti lake jeupe, na mpango ukasimamishwa palepale. Dada alikiri mbele yao kwamba walipaswa kuambiwa kabla, akasema hilo ni kosa na ni lake, kisha akaomba wakutane Jumamosi. Siku hiyo alimkalisha mumewe kwenye kiti cha darasa la kwanza, magoti yakimfikia kifuani, akampaka dawa ileile mbele ya wazazi wote, akitaja kila hatua kama alivyozoea, na shemeji akasimama akawachekea kwa meno ya manjano, akasema, "Mkinikosa Jumatatu mje mumkamate." Kicheko kilianzia nyuma. Jumatatu walimwona juu ya ngazi akifunga nyaya, meno meupe, na wiki iliyofuata wazazi waliwaleta watoto wenyewe.

Hadi anastaafu tarehe 14 Agosti 2024, mpango ule ulikuwa umefika katika shule kumi na nne. Hakuwa mtu wa kujisifu. Binti yake mkubwa anakumbuka Ijumaa moja mama alirudi kazini, akavua viatu mlangoni, akasema, "Leo hakuna mtoto aliyekalia kile kiti cha namba sita," kama mtu anayesema leo kuna wingu, akaenda kuanua nguo.

Novemba 2024 alianza kupungua na kuumwa tumbo hadi mgongoni, na tarehe 6 Desemba vipimo vikaonyesha saratani ya kongosho, ambayo ilikuwa imekwenda mbali. Alimwomba daktari amweleze kila kitakachofuata, kimoja baada ya kingine, na daktari alifanya hivyo bila kumficha. Alilazwa mara tatu, mara ya mwisho tarehe 24 Februari 2025, na Jumanne tarehe 11 Machi, saa tatu asubuhi, akiwa na mumewe na mwanawe, aliacha kupumua. Muuguzi aliandika saa. Shemeji aliuliza kama anaweza kufunga dirisha, akaambiwa anaweza, akalifunga.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wawili, na ndugu zake wanne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya pili waliomhudumia kwa heshima, wenzake wa chumba namba sita waliokuja zamu kwa zamu, walimu wa shule zote, na majirani mliochukua nyumba yetu mkaiendesha tangu Jumanne bila kuulizwa, hatujui hata nani alifagia.

Tulimwomba shemeji aandike maneno yake mwishoni mwa historia hii. Alikaa na kalamu muda mrefu, akairudisha, akasema, "Andikeni alikuwa anarudi nyumbani kila siku." Tukamuuliza kama ni hilo tu. Akasema ni hilo.

Dada yetu, pumzika sasa kwa amani, taratibu.