Saini Niliyotaka Kumnyang'anya Mke Wangu

Bwana atukuzwe, ndugu zangu. Hapa Mabira wengi mnanijua kwa maneno mengi na hasira za karibu, lakini leo naomba mnivumilie. Ilibaki saini moja tu nimwagie saruji kaburi la mwanangu. Si adui aliyetaka kufanya hivyo. Ni mimi, baba yake mzazi, na akili zangu timamu.

Mnalijua jengo langu la fremu nne pale senta. Alikuja mfanyabiashara wa kahawa kutoka Bukoba, mtu mstaarabu, akataka kulipanga lote kwa miaka kumi pamoja na kiwanja cha nyuma, atengeneze sakafu ya kuanikia kahawa. Tukaenda kwa wakili kule mjini Rubwera, binti mdogo tu, akaniuliza, "Mzee, eneo lako linaishia wapi?" Nikamjibu bila kufikiri, "Kutoka barabarani hadi kwenye milamula." Si mnajua sisi mipaka yetu ni mimea hiyo. Akaandika. Kisha akasema sheria hairuhusu kupangisha ardhi ya familia bila mwenza kuridhia, kwa hiyo nije na mke wangu asomewe mkataba, naye asaini.

Ndugu zangu, niliwaka. Matofali nimefyatua mimi, mabati nimepandisha mimi, leo nikaombe ruhusa jikoni? Tena mke wangu alishaniambia kwamba hasaini kitu mpaka twende wote wawili kiwanjani akaoneshwe mpaka. Nikamwita mbishi. Nikapanda bodaboda mpaka Nyaishozi kwa dada yangu mdogo, Koku, nikamwomba aje Rubwera ajifanye mke wangu kwa dakika kumi tu. Akakataa. Nikambembeleza, nikamkumbusha ni nani alimlea yeye baada ya baba kufariki, mpaka akakubali kwa shingo upande. Na Jumapili ya kabla ya safari hiyo nilikuwa nimekaa humu kanisani, benchi lile pale, naimba kwa sauti kuliko wote.

Tulipofika, wakili akamwamkia Koku shikamoo, akaanza kumsomea mkataba polepole, kifungu kwa kifungu. Mimi naangalia saa. Alipofika mahali palipoandikwa kwamba mpangaji atasakafia eneo lote la nyuma hadi kwenye milamula, Koku akamshika mkono asiendelee. Akanigeukia, macho yamemtoka.

"Kaka, na Adela je?"

Ndani ya kiwanja kile, hatua chache kabla ya mpaka, kuna milamula mingine mitatu. Aliipanda mke wangu siku tulipomzika mtoto wetu wa kwanza, Adela, aliyefariki akiwa na miaka miwili. Msalaba wa mti uliliwa na mchwa zamani, ikabaki mimea tu. Nimepita pale kila siku nikienda kukata ndizi, na siku ya kutaja mipaka sikumkumbuka. Mwanangu! Nilikumbuka barabara, nilikumbuka choo cha wapangaji, yeye sikumkumbuka.

Wakili akafunga faili. "Amekuita kaka," akasema. "Mzee, huyu si mama." Akanieleza, bila kupandisha sauti, kwamba nilichokuja kufanya ni kosa la jinai, na kwamba mkataba wa namna ile ungemwingiza mpangaji wangu matatani bila kosa lake. Akanirudishia ile fomu ya ridhaa ya mwenza ikiwa tupu. "Nenda ukamwambie mama mwenyewe," akasema. "Ukishindwa, usirudi hapa."

Nilimwambia mke wangu yote, nimesimama mlangoni kama mgeni. Nilitegemea kelele. Yeye aliendelea kumenya ndizi, kisha akasema, "Nilijua umemsahau. Ndiyo maana nilitaka twende wote wawili, ukumbuke mwenyewe nisikuaibishe." Afadhali angenipiga, ndugu zangu.

Siku ya pili yake alikuja mpangaji, tukatembea kiwanja chote, mke wangu akiwa mbele. Alipooneshwa ile milamula mitatu, yule bwana alivua kofia, akasema yeye hawezi kuanika kahawa juu ya mtoto wa watu, sakafu yake iishie mbali na pale. Tukarudi Rubwera. Wakili akaandika upya kwamba eneo la kaburi halimo kwenye mkataba, na kwamba familia itapita kwenda kaburini wakati wowote. Mke wangu akasomewa, akasikiliza, akasema, "Kaburi la nani? Andika na jina." Wakili akainua kalamu, akanitazama mimi. Nilikuwa sijalitaja jina lile kwa miaka zaidi ya ishirini. Nikalitaja, nikalia mbele ya mpangaji wangu, wala sikujali. Ndipo mke wangu akasaini.

Namshukuru Mungu aliyenizuia kwa kinywa cha dada yangu, ambaye mimi mwenyewe nilimpeleka kusema uongo. Nanyi ndugu zangu, kama kuna mwanaume hapa ana karatasi ambayo hataki mkewe asomewe, amkabidhi Yesu karatasi hiyo leo, kisha aipeleke nyumbani. Usiogope aibu. Mimi nimeaibika mbele ya wakili, mbele ya mpangaji, na sasa mbele yenu, na bado Mungu ameniachia mke, ameniachia dada, na ameniachia mahali pa kumlilia mwanangu.