Karatasi Namba Sitini na Tatu: Maisha ya Mwalimu Ernesta Mbwambo, 1967–2025

Ndugu waombolezaji, kabla hatujamlaza mwenzetu hapa Mamba leo, Jumamosi tarehe 13 Septemba 2025, familia inaomba mumsikilize mara ya mwisho kupitia maisha yake. Anayewasomea ni Agatha, mdogo wake wa mwisho, ambaye marehemu alizoea kumwambia kwamba anasoma kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Leo atajitahidi kwenda polepole.

Mwalimu Ernesta alizaliwa tarehe 14 Machi 1967 hapa hapa Mamba, mtoto wa pili wa marehemu mzee Elibariki Kajiru na marehemu mama Miriam. Mama alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alizaliwa siku ya mvua kubwa, na kwamba tangu siku hiyo hakuwahi kukaa kimya akiwa na la kuuliza. Alibatizwa mwaka huohuo, na kipaimara alikipata mwaka 1982.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1975. Kitabu kilikuwa kimoja kwa watoto wanne, na yeye, kwa udogo wa mwili, alisukumwa pembeni ya dawati akawa anasoma kwa kukodoa macho. Alipochoka alianza kuazima kile kitabu na kunakili kurasa zake kwenye mifuko ya sukari aliyoichana na kuinyoosha. Siku moja baba alikuta mfuko wake wa mbegu za maharage umeandikwa irabu pande zote mbili. Akachukua fimbo kumtafuta mwenye kosa, akamkuta nyuma ya jiko anamfundisha Agatha, wa miaka mitano, kusema a, e, i, o, u. Baba aliirudisha fimbo mahali pake na mbegu akazihamishia kwenye kibuyu. Dada alimaliza darasa la saba mwaka 1981, sekondari mwaka 1985, na ualimu aliusomea Korogwe mwaka 1986 na 1987.

Januari 1988 alipangiwa Ndungu, darasa la kwanza, watoto tisini na wanne kwa vitabu saba. Wengine wangelia. Yeye alienda kuomba mashine ya kudurufu ya usharika, akaanza kutengeneza karatasi za mazoezi ya Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, akitembea na vidole vyeusi kwa wino hadi kanisani. Karatasi ya kwanza ilikuwa na irabu za nukta za kufuatisha kwa penseli, na mwisho kabisa mstari mmoja: Jina langu ni, kisha nafasi. Mstari huo aliuweka kwenye kila karatasi aliyoitengeneza maisha yake yote.

Jambo jingine alilolipenda ni kuwatia watoto wenyewe ndani ya hesabu. Rodgers ana baiskeli moja, baba yake akinunua mbili zitakuwa ngapi? Shamsa ana magunia manane ya mpunga. Mtoto akiliona jina lake limechapwa anakaa wima, anaitafuta penseli. Hiyo ndiyo ilikuwa siri ya marehemu, na hiyo ndiyo ilikuja kumponza.

Tarehe 5 Desemba 1992 alifunga ndoa na Bwana Hezroni Mbwambo, mkulima wa tangawizi. Mungu aliwajalia Daudi na Nakijwa. Bwana Hezroni alijua alichokioa, kwa sababu zawadi ambayo bibi harusi aliishangilia kuliko zote, kuliko hata vitenge vya wakwe, ilikuwa rimu mbili za karatasi. Nyumba ilikuwa ndogo, hivyo karatasi zilikaa stoo pamoja na tangawizi. Miaka yote watoto wa tambarare ya Ndungu walipopewa zoezi walilinusa kwanza ndipo wakaandika.

Mwaka 2009 alihamishiwa shule moja ya upande wa pili wa reli, Makanya. Huko ndiko alikokutana na watoto wa maboma ya wafugaji, wanaokuja kwa miguu kutoka mbugani, ambao Kiswahili wanakikuta shuleni. Aliwapenda waziwazi, hata sisi wadogo zake tukaona wivu. Mwaka 2014 alipata kompyuta, akawa anachapisha kwa Salha, mwenye steshenari pale Same. Kufikia mwaka 2021 alikuwa na karatasi mia moja na ishirini, na walimu wa Ndungu na Mamba walikuwa wakimpigia simu kuziomba.

Karatasi namba sitini na tatu aliigawa Jumatatu, tarehe 8 Novemba 2021, darasa la pili. Swali la kwanza lilisema: Baba yake Nashilu ana ng'ombe 12. Kiangazi kimeua 5. Wamebaki wangapi? Nashilu, mtoto mwepesi kuliko wote wa maboma, aliandika saba. Akapata tiki nyekundu. Jioni akaisoma karatasi yake kwa sauti nyumbani, mbele ya baba yake Ledama na wazee waliokuwa wamekaa naye. Mvua za vuli zilikuwa zimekataa na majani yameisha.

Asubuhi Ledama alikuja shuleni na karatasi mkononi.

"Mwalimu, nani amekutuma kuhesabu ng'ombe zangu?"

"Ni mfano tu, baba Nashilu."

"Mfano una jina la mtoto wangu? Kitu chenye pumzi hakihesabiwi. Sisi ng'ombe tunamjua kwa sura, kwa rangi. Asipokuwepo tunamwona. Wewe umeandika wamekufa, na umempa mtoto wangu ndiye aseme."

Hapa ndipo dada alipokosea, na alitaka lisemwe siku ya kuzikwa kwake. Miaka kumi na miwili alikuwa amekaa na watu hawa bila kuuliza jambo hilo. Alicheka. Akasema, "Hesabu haijawahi kuua ng'ombe, baba."

Ledama aliikunja karatasi, akaondoka bila kuaga.

Kufikia Januari ng'ombe walikuwa wamelala kando ya barabara kuu, ngozi na mifupa. Boma la Ledama liliumia kuliko mengine. Wapo wanaodai walibaki saba. Marehemu hakuwahi kuuliza. Shule zilipofunguliwa tarehe 17 Januari 2022, madawati ya watoto wa maboma yalikuwa matupu. Hakuja Nashilu, hakuja hata mmoja.

Maji yaliyomwagika hayazoleki, lakini dada alijaribu kuyazoa kwa mikono. Alifuta kila ng'ombe kwenye hesabu zake, kila mbuzi, kila jina la mtu. Akabakiza mawe, maharage na vipande vya tangawizi. Jumamosi baada ya Jumamosi alitembea hadi kwenye maboma na bahasha yake ya karatasi za mazoezi. Walipokataa kuzipokea aliziacha langoni, chini ya jiwe. Wiki inayofuata alikuta majivu, na kipande chenye nusu ya neno. Alikwenda na mchungaji, akakaribishwa chai, lakini jambo lenyewe halikuzungumzwa. Alikwenda na mwalimu mwenzake Frederick, wakaambiwa baba yuko malishoni. Mwaka ukaisha, na wa pili, na wa tatu. Mtoto aliyekuwa na miaka minane akawa na kumi na mmoja, na herufi zisipotumika husahaulika. Hilo ndilo lililomnyima usingizi. Alimwambia Agatha, "Nimewafungulia mlango kwa mkono huu, na kwa mkono huu huu nimewafungia." Agatha alimjibu kwamba aache kujitesa kwa ushirikina wa watu. Dada hakuzungumza naye mwezi mzima, na Agatha alistahili.

Februari 2025 chakula kilianza kumkwama. Machi, hospitalini Moshi, tuliambiwa ni saratani ya koo la chakula na kwamba imechelewa kuonekana. Alitakiwa kuanza tiba mara moja. Yeye aliomba kwanza kupita Makanya. Pale kwenye bomba la maji alikutana na Noonkipa, mama yake Nashilu, akamlilia bila aibu mbele ya wanawake wengine. Noonkipa alimtazama, akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, unaleta karatasi kila siku. Karatasi haiombi msamaha. Ng'ombe ndiye anaomba."

Miaka mitatu, na hakuna aliyekuwa amemwambia. Wala yeye, mwalimu wa watu, hakuwa ameuliza.

Tangawizi ya msimu huo Bwana Hezroni alikuwa ameitenga kwa ajili ya matibabu. Ilipovunwa mwezi Juni, walibishana siku nne ndani ya nyumba ile mnayoiona. Siku ya tano Bwana Hezroni aliiuza, akashuka mnadani, akarudi na mtamba mwekundu mwenye doa jeupe la paji. Alilia njia nzima, na hajali nani ajue.

Jumamosi tarehe 28 Juni 2025 walimpeleka. Dada alikuwa mwepesi kama mtoto, alishikiliwa kwenye bodaboda kwa kanga. Ledama alimzunguka yule mtamba, akamshika masikio, akamtazama paji. Kisha akawaambia watu wake waondoe miiba ya langoni, mtamba akaingia.

"Watoto watarudi, baba Nashilu?" dada aliuliza. Sauti ilikuwa imebaki ya kunong'ona.

"Shule zimefungwa, mwalimu."

Ni kweli, zilikuwa likizo. Zilifunguliwa Jumanne tarehe 8 Julai, yeye akiwa kitandani hospitalini. Saa mbili asubuhi alimwonyesha Bwana Hezroni simu kwa kidole. Frederick alipokea. Swali lilikuwa moja, "Wamekuja?" Hawakuwa wamekuja. Kesho yake aliuliza tena, na keshokutwa. Julai yote, Agosti yote. Sauti ilipoisha aliliandika neno hilo kwenye daftari, kwa mwandiko wake wa ubaoni uliokuwa unazidi kuyumba. Daudi alimsihi baba yake amdanganye mama apate nafuu. Bwana Hezroni alijaribu mara moja, akasema, "Wamekuja, mama Daudi." Dada aliandika, "Nashilu amekaa dawati gani?" Baada ya hapo hakuna aliyejaribu tena.

Alirudishwa nyumbani tarehe 30 Agosti. Alituacha Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane. Neno la mwisho kwenye daftari mnalijua. Agatha hatasema kwamba aliondoka kwa utulivu, kwa sababu alikuwepo. Aliondoka akiangalia mlango.

Juzi Alhamisi, pikipiki ilisimama hapa uwanjani. Alishuka Noonkipa, na nyuma yake msichana mrefu aliyetuinamishia kichwa, kila mzee kwa zamu yake. Walikuwa hawajui kama mwalimu anaumwa namna ile. Tangu mwanzoni mwa Julai walikuwa wamehama na mifugo kufuata majani, mbali, kusiko na mtandao wa simu. Habari za ugonjwa ziliwafikia pamoja na za msiba.

Agatha aliwauliza, na hakuuliza kwa upole, kwa nini siku ya mtamba hawakusema hata neno moja la kusamehe. Noonkipa alishangaa kweli.

"Lango si lilifunguliwa? Ng'ombe akiingia, maneno yameisha. Sisi tulijua mwalimu anajua."

Kisha akafungua mfuko wake. Majivu yale ya langoni yalikuwa ya karatasi za hesabu. Za kusoma na kuandika Noonkipa alikuwa akizitoa chini ya jiwe kabla hakujapambazuka na kuzificha, na Nashilu alizijaza zote, miaka mitatu, peke yake, kwa penseli iliyobaki ukubwa wa kucha. Bado zinanuka tangawizi kwa mbali. Mwisho wa kila moja ameandika: Jina langu ni Nashilu. Alikuwa amezileta zisahihishwe.

Hakuna aliyethubutu kuzitia tiki. Ziko mikononi mwa dada, ndani ya jeneza, kama zilivyo.

Desturi ya wasifu ni kusema marehemu ameacha watoto kadhaa na wajukuu kadhaa. Wiki tatu zilizopita dada alimwandikia Agatha hivi: "Mkinizika, watu wangu msiwahesabu. Watajeni." Kwa hiyo tunawataja. Ameacha mume wake, Hezroni. Ameacha Daudi na mkewe Salome. Ameacha Nakijwa. Ameacha Neema na Elibariki mdogo, wajukuu wake. Ameacha Agatha, ambaye hajamaliza kumwomba radhi. Ameacha Frederick, aliyepokea ile simu kila asubuhi. Ameacha Salha wa steshenari. Ameacha Rodgers wa baiskeli na Shamsa wa mpunga, watu wazima sasa, na wenzao wa Ndungu, wa Mamba na wa Makanya. Ameacha Noonkipa. Ameacha Ledama, aliyepanda mlima huu jana kwa miguu na watoto wa maboma, nao wamesimama pale kwenye migomba, pamoja na Nashilu, ambaye Jumatatu ataingia darasani.

Mwalimu Ernesta apumzike kwa amani, wala asiuulize tena mlango. Wamekuja.